Kaida na Uthubutu: Historia ya Filamu za James Bond, 1962–2021

Utangulizi

Suala la uhusiano uliopo kati ya kaida na ubunifu ni kongwe katika uhakiki wa fasihi. Wanaurasimi wa Urusi walishikilia kwamba sanaa hupata uhai wake kwa kukiuka mazoea. Kwa upande mwingine, Vladimir Propp, katika uchunguzi wake wa ngano za Kirusi uliochapishwa mwaka 1928, alionyesha kuwa ngano ambazo kwa juu juu zinatofautiana sana hujengwa juu ya kiunzi kimoja chenye majukumu 31 yanayofuatana kwa mpango maalumu. Katikati ya misimamo hii miwili ndipo inapopatikana bunilizi ya msururu, yaani kazi inayoendelezwa toleo baada ya toleo kwa kumtumia mhusika yule yule. Kazi ya aina hii huishi kwa kujirudia. Ikijirudia kupita kiasi huchusha. Ikijigeuza kupita kiasi, hadhira hulalamika kwamba imeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kurejelea filamu 25 za jasusi James Bond zilizotolewa na kampuni ya Eon kati ya mwaka 1962 na 2021. Filamu hizi zimeteuliwa kwa sababu tatu. Kwanza, msururu wenyewe ni mrefu, hivyo unampa mhakiki fursa ya kuyatazama matokeo ya uamuzi mmoja baada ya miongo kadhaa. Pili, chimbuko lake ni riwaya, na kwa hiyo zana za uhakiki wa fasihi zinaweza kutumiwa bila kulazimishwa. Tatu, kwa muda wote huo uamuzi wa kisanaa ulikuwa mikononi mwa watu wachache, hasa familia ya Broccoli, jambo linalorahisisha kubaini ni lini wenye kazi walithubutu na ni lini walirudi nyuma.

Wahakiki wengi wa sanaa pendwa huuchukulia uthubutu na usalama kuwa mahasimu: msanii anataka kuthubutu, mfanyabiashara anamzuia. Historia ya filamu hizi haiafiki maelezo hayo mepesi. Hoja ya makala haya ni kwamba kile kinachoitwa usalama katika kila kipindi si chochote ila uthubutu wa kipindi kilichotangulia uliokwisha kuzoeleka. Usalama hula akiba iliyowekwa na uthubutu, na akiba isiyoongezwa huisha. Aidha, itadaiwa kwamba kuna aina moja ya uthubutu ambayo msururu huu haukuujaribu hadi mwisho, nayo inahusu mtazamo wa usimulizi.

Kujengeka kwa Kaida, 1953–1967

Ian Fleming, Mwingereza aliyewahi kufanya kazi katika idara ya ujasusi ya jeshi la majini wakati wa Vita Vikuu vya Pili, alichapisha riwaya yake ya kwanza, Casino Royale, mwezi Aprili 1953. Kufikia kifo chake mwezi Agosti 1964 alikuwa ameandika vitabu 14 kumhusu Bond, viwili kati yake vikichapishwa baada ya yeye kufariki. Mwaka 1961 Albert R. Broccoli, Mmarekani, na Harry Saltzman, mzaliwa wa Kanada, waliungana kuzigeuza riwaya hizo kuwa filamu. Ya kwanza, Dr. No, ilionyeshwa London tarehe 5 Oktoba 1962, ikiwa imegharimu takriban dola milioni 1.

Ni rahisi leo kusahau kwamba kila kilichohesabiwa baadaye kuwa desturi ya Bond kilianza kama bahati nasibu. Mfano bora ni uteuzi wa Sean Connery. Connery alizaliwa Edinburgh katika familia ya wafanyakazi na aliwahi kuchuuza maziwa. Hakuwa na dalili zozote za yule mwungwana aliyesawiriwa na Fleming, na mwandishi mwenyewe alikuwa na mashaka naye. Mashaka hayo yalipokwisha kuondoka, Fleming alichukua hatua inayomfaa sana mhakiki: katika riwaya ya You Only Live Twice (1964) alimpa Bond baba Mskochi. Hapa kazi iliyotokana na maandishi iliyageuza maandishi yaliyoizaa. Kilichokuwa ukiushi mwaka 1962 kiliandikishwa katika nasaba ya mhusika mnamo mwaka wa pili baadaye, na tangu hapo kila mwigizaji aliyemfuata Connery alipimwa kwa kipimo chake.

Kufikia Goldfinger (1964) kiunzi kilikuwa kimekamilika: kisa kifupi cha kusisimua kabla ya majina ya waigizaji; wimbo wenye jina la filamu; mkutano wa Bond na mkuu wake M; zana za kijasusi kutoka kwa Q; mkutano wa kwanza wa adabu na adui; kutekwa; kuponyoka; na kilele ndani ya makao ya adui. Umberto Eco, mhakiki wa Kiitaliano, aliuchambua muundo wa riwaya za Fleming mwaka 1965 na kuulinganisha na mchezo ambao mtazamaji anazijua sheria zake, anawajua wachezaji, na pengine anamjua hata mshindi. Raha yake basi haitokani na kutojua matokeo. Inatokana na kutazama jinsi kete zinavyosukumwa safari hii.

Uchambuzi huo haumshangazi yeyote aliyezoea fasihi simulizi. Hadhira inayoitikia "Pakawa!" inajua fika kwamba Sungura atamhadaa Fisi, na bado inakaa kusikiliza. Lakini hadhira hiyo hiyo hupata ladha ya pekee siku Sungura anaposhindwa na Kobe. Fanani stadi anajua kuwa ushindi wa Kobe una maana kwa sababu tu Sungura ameshinda mara nyingi kabla. Kaida, kwa maneno mengine, ndiyo inayouwezesha ukiushi kuonekana.

Baada ya Goldfinger watayarishaji walichagua njia ya kukuza vipimo. Katika You Only Live Twice (1967), ambayo mswada wake uliandikwa na Roald Dahl, sehemu kubwa ya msuko wa riwaya iliachwa, na makao ya adui yakajengwa ndani ya volkano ya bandia iliyobuniwa na Ken Adam. Jukwaa hilo peke yake liligharimu takriban dola milioni 1, yaani kiasi kinachokaribia gharama ya Dr. No nzima. Kiunzi hakikubadilika, kilinenepa. Huu ndio usalama wa aina ya kwanza: kufanya lile lile kwa ukubwa zaidi.

Uthubutu na Adhabu Yake, 1969–1971

Connery alipojiondoa baada ya filamu hiyo, nafasi yake ilichukuliwa na George Lazenby, Mwaustralia aliyekuwa mwanamitindo na ambaye hakuwa na tajriba ya kuigiza filamu. Uongozaji ulikabidhiwa Peter Hunt, aliyekuwa mhariri wa filamu za awali na ambaye hakuwa ameongoza filamu kabla ya hapo. Matokeo yake yalikuwa On Her Majesty's Secret Service (1969).

Kwa mtazamo wa fani, filamu hii ina ujasiri usiokuwa na kifani katika miaka 30 ya mwanzo ya msururu. Ilirudi kwenye riwaya na kuifuata kwa uaminifu. Ilipunguza zana za ajabu. Ilichukua dakika 142, na hakuna filamu nyingine ya Bond ya Eon iliyoishinda kwa urefu hadi mwaka 2006. La muhimu zaidi, ilimpa Bond mke, Tracy, aliyeigizwa na Diana Rigg, kisha ikamuua kwa risasi saa chache baada ya harusi. Filamu inafungwa huku shujaa akiwa amempakata maiti. Kwa mujibu wa kaida iliyokwisha kuwekwa, Bond alistahili kumalizia safari yake mikononi mwa mwanamke aliye hai. Hapa kilele cha furaha kiligeuzwa kuwa tanzia, na hadhira ikatolewa ukumbini bila faraja.

Filamu hiyo haikuwa hasara. Iliingiza fedha nyingi, ila chache kuliko iliyoitangulia. Isitoshe, Lazenby alikuwa amekwisha kutangaza kwamba hataendelea. Watayarishaji walilitafsiri tukio hili kwa njia moja tu, kwamba hadhira ilikuwa imewaadhibu kwa kuvunja mkataba. Kwa hiyo Connery aliitwa tena kwa malipo ya dola milioni 1.25, kiasi kikubwa mno kwa wakati huo, ambazo alizitumia kuanzisha wakfu wa elimu wa Uskochi. Guy Hamilton, mwongozaji wa Goldfinger, naye alirudishwa. Diamonds Are Forever (1971) inaanza na Bond akimsaka Blofeld, adui aliyemuua mkewe, lakini jina la mke huyo halitajwi hata mara moja. Kisasi kimebaki, kilio kimeondolewa. Baada ya dakika chache filamu inageukia mzaha na kubaki humo.

Hapa ndipo inapoonekana hatari ya kuyafanya mauzo ya tiketi kuwa hakimu wa pekee. Mauzo hupima mwaka mmoja, lakini athari ya kazi ya sanaa katika msururu haiishi kwa mwaka mmoja. Hans Robert Jauss, katika nadharia yake ya upokezi aliyoianza mwaka 1967, alisema kwamba kazi huja mbele ya upeo wa matarajio wa wasomaji wake, na kwamba kazi inayoupita upeo huo inaweza kukataliwa mwanzoni, kisha ikaja kuujenga upeo mpya. Hayo ndiyo yaliyoisibu filamu ya 1969. Iliyahudhunisha mazoea ya watazamaji wake wa kwanza, lakini kama itakavyoonyeshwa, ndiyo iliyokuja kuchotewa maji kila kisima cha msururu kilipokauka.

Usalama wa Kuiga Wengine, 1973–1985

Roger Moore aliigiza Bond katika filamu saba, kuanzia Live and Let Die (1973) hadi A View to a Kill (1985). Katika kipindi hiki ulizuka usalama wa aina ya pili, nao ni ule wa kufuata upepo. Live and Let Die iliazima mandhari, mavazi na muziki kutoka filamu za Wamarekani Weusi zilizokuwa zikipendwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. The Spy Who Loved Me (1977) ilipomalizika, maandishi ya mwisho yaliahidi kwamba filamu itakayofuata ni For Your Eyes Only. Ahadi hiyo haikutimizwa mara moja. Mwaka huo huo Star Wars ilikuwa imeushangaza ulimwengu, na watayarishaji wakamkimbiza Bond angani katika Moonraker (1979).

Haifai kuficha kwamba Moonraker ilifanikiwa kibiashara. Iliingiza takriban dola milioni 210, na hakuna filamu ya Bond iliyoipita hadi GoldenEye ya mwaka 1995. Ikiwa hoja ni fedha, basi usalama ulishinda. Lakini kilichofuata kinafichua udhaifu wa ushindi huo. Baada ya mhusika kupigana angani kwa miale ya mwanga, hapakuwa na pa kumpeleka. Mbinu ya kukuza vipimo ilikuwa imegota ukutani.

Kwa hiyo For Your Eyes Only (1981), iliyoongozwa na John Glen, ililazimika kuteremka. Inaanza makaburini: Bond ameweka maua juu ya kaburi la mkewe, nalo jiwe lina mwaka 1969. Miaka kumi baada ya watayarishaji kuliepuka jina lake, Tracy aliitwa arudi kuupa msururu uzito uliokuwa umepotea. Filamu iliyohesabiwa kosa ndiyo iliyokuwa akiba. Ni kweli kwamba onyesho hilo linageuka haraka kuwa kichekesho, lakini mwelekeo wa filamu yenyewe, wenye milima halisi, misumeno ya kisasi na zana chache, unatokana na mwaka 1969, si na mwaka 1979. Hata hivyo uthubutu huo ulikuwa wa nusu. Mwigizaji aliachwa azeeke katika nafasi yake hadi alipofikia umri wa miaka 57, kwani zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Jasusi Asiye na Idhini, 1987–1995

Timothy Dalton, mwigizaji mwenye tajriba ya tamthilia za Shakespeare, alikuja na kusudi la kumrejesha Bond wa riwaya: mtu mwenye uchovu, asiyeipenda kazi yake. Filamu yake ya pili, Licence to Kill (1989), ilimtoa mhusika katika utumishi wa serikali. Rafiki yake Felix Leiter anajeruhiwa vibaya na mfanyabiashara wa dawa za kulevya, na mke wa Leiter anauawa siku ya harusi. Leiter mwenyewe anadokeza katika filamu kwamba Bond naye aliwahi kuoa zamani. Akiba ya 1969 ilichotwa tena. Bond ananyang'anywa idhini yake na kugeuka mlipiza kisasi wa kawaida.

Filamu hiyo haikufua dafu Marekani. Ilitolewa katika msimu mmoja na Batman na Indiana Jones and the Last Crusade, na ukatili wake uliifanya iwekewe kizuizi cha umri wa miaka 15 nchini Uingereza. Kisha mizozo ya kisheria kuhusu umiliki wa studio ya MGM ikasimamisha kazi kwa miaka sita. Wengi waliuunganisha ukimya huo na filamu yenyewe, wakasema kwamba ukali wa Dalton ndio uliomwua Bond. Tafsiri hiyo ni ya haraka. Kilichoizuia filamu iliyofuata ni mahakama, si hadhira. Uhakiki unaotaka kuwa wa haki hauna budi kutenganisha kosa la sanaa na mkosi wa biashara.

GoldenEye (1995), ya Pierce Brosnan, ilitafuta mwafaka. Vita Baridi vilikuwa vimekwisha. Muungano wa Kisovieti ulikuwa umevunjika mwaka 1991. Filamu iliweka lawama dhidi ya mhusika ndani ya kinywa cha mhusika mwingine: M mpya, aliyeigizwa na Judi Dench, anamwambia Bond waziwazi kuwa yeye ni masalio ya zama zilizopita na dharau yake kwa wanawake haimvutii. Mbinu hii ni ya werevu mkubwa. Kaida inakosolewa, kisha inaruhusiwa kuendelea kana kwamba kukosolewa kumeitakasa. Ni usalama wa aina ya tatu: kukiri kosa badala ya kuliacha.

Kuvunja na Kujenga Upya, 2002–2021

Die Another Day (2002) ilitolewa msururu ulipotimiza miaka 40. Sehemu yake ya mwanzo ina uthubutu wa kweli: Bond anatekwa Korea Kaskazini na kuteswa kwa miezi 14, na wakubwa wake wanamshuku kuwa amesaliti. Lakini baada ya muda usio mrefu anaoga, ananyoa ndevu, na filamu inakuwa maonyesho ya kumbukumbu za filamu zilizopita, ikiwa na gari lisiloonekana kwa macho. Filamu moja inakusanya hivyo historia nzima ya tatizo linalochunguzwa hapa. Iliingiza takriban dola milioni 430.

Uamuzi uliofuata unastahili kuzingatiwa kwa makini kwa sababu unakanusha dai kwamba watu huthubutu wakati wa dhiki tu. Fedha zilikuwa zikiingia, na Brosnan alikuwa akipendwa. Hata hivyo Barbara Broccoli, bintiye Albert, na kaka yake wa kambo Michael G. Wilson waliamua kuanza upya. Haki za riwaya ya Casino Royale, ambazo Eon haikuwa nazo tangu mwanzo, zilikuwa zimepatikana mwaka 1999. Filamu ya The Bourne Identity (2002) ilikuwa imeonyesha kwamba hadhira ilitaka ujasusi wenye vumbi na jasho. Daniel Craig alipotangazwa mwezi Oktoba 2005, baadhi ya mashabiki waliandaa mgomo kwa hoja kwamba nywele zake ni za rangi ya dhahabu na sura yake si ya Bond.

Casino Royale (2006) iliwanyamazisha wengi wao. Iliacha zana za Q na kumwondoa Moneypenny. Kiini chake kiliwekwa kwenye meza ya karata, na shujaa akateswa pasipo ucheshi wa kumwokoa. Vesper, mwanamke anayempenda kiasi cha kuandika barua ya kujiuzulu, anamsaliti kisha anakufa maji mbele ya macho yake. Muundo huo ni wa 1969: mapenzi, ahadi ya maisha mapya, kifo. Tofauti ni kwamba mwaka 2006 upeo wa matarajio ulikuwa umebadilika, na kilichoadhibiwa zamani kililipwa takriban dola milioni 600.

Skyfall (2012), ambamo M anauawa, ilivuka dola bilioni 1. Ndipo kivuto cha usalama kikarudi. Spectre (2015) ilimrejesha Blofeld na kumfanya ndugu wa kulea wa Bond, aliyekuwa nyuma ya kila msiba wa filamu tatu zilizotangulia. Kilichokuwa maumivu yenye sababu mbalimbali kilifungwa katika kifurushi kimoja cha wivu wa kifamilia. Hatimaye No Time to Die (2021), iliyoongozwa na Cary Joji Fukunaga na kucheleweshwa na janga la korona tangu Aprili 2020, ilifanya lile ambalo filamu 24 hazikulifanya: ilimuua Bond. Na ilipotafuta lugha ya kulisema jambo hilo zito, ilirudi tena kwenye kisima kile kile. Wimbo wa Louis Armstrong uliotungwa kwa ajili ya filamu ya 1969 unasikika mwanzoni na mwishoni. Uthubutu uliokataliwa ulikuwa, baada ya miaka 52, umekuwa msamiati rasmi wa huzuni wa msururu mzima.

Mtazamo Usioguswa

Pamoja na mabadiliko yote hayo, kuna swali ambalo mhakiki wa Kiafrika hana budi kuliuliza: hadithi hii inasimuliwa kwa macho ya nani? Dr. No ilipigwa Jamaika mwanzoni mwa mwaka 1962; kisiwa hicho kilipata uhuru mwezi Agosti mwaka huo, na filamu ikatolewa mwezi Oktoba. Ndani yake Quarrel, mvuvi Mweusi, anamwongoza Bond, anaagizwa amchukulie viatu vyake, na anaunguzwa hadi kufa. Maombolezo yake hayachukui muda. Katika Live and Let Die (1973) ilibidi mhusika huyo, ambaye yumo katika riwaya, ageuzwe kuwa mwanawe, Quarrel mdogo, kwa vile baba alikwisha kufa. Mwana naye anamhudumia Bond kwa uaminifu, wala hakuna anayemkumbusha mgeni huyo jinsi baba mtu alivyokufa. Mauti ya Tracy yalikumbukwa kwa miaka 52. Mauti ya Quarrel hayakukumbukwa hata katika filamu iliyomleta mwanawe.

Jitihada za baadaye zinaonyesha mpaka ule ule. Katika Skyfall, Moneypenny, aliyeigizwa na Naomie Harris, anaingia kama jasusi wa uwanjani na kutoka kama katibu wa ofisi. Katika No Time to Die, Nomi, aliyeigizwa na Lashana Lynch, amekwisha kurithi nambari 007, lakini kabla ya kilele yeye mwenyewe anaomba nambari hiyo arudishiwe Bond. Wanawake wawili Weusi wanapewa nafasi, kisha hadithi inapanga waiache kwa hiari. Kumuua shujaa kulionekana kuwa rahisi kuliko kumwachia mwingine usukani wa usimulizi.

Kwamba jambo hili liliwezekana kunathibitishwa na fasihi ya Kiswahili. Katika Kufa na Kupona (1974), Elvis Musiba alikichukua kiunzi cha hadithi ya kijasusi, pamoja na silaha, safari, warembo na adui mwenye hila, lakini akakiweka mikononi mwa Willy Gamba, jasusi Mtanzania anayepambana na maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Wako waliomlaumu Musiba kwa kuiga, na lawama hiyo ina ukweli kwa upande wa fani, hasa katika usawiri wa wanawake. Hata hivyo, kwa upande wa mtazamo alithubutu pale ambapo msururu wenye mamilioni ya dola haukuthubutu. Hakuubadilisha mchezo, alibadilisha anayecheza na sababu ya kucheza. Kaida inaweza kubakia nzima huku maana yake ikipinduliwa.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba uthubutu na usalama katika filamu za Bond havikuwa kambi mbili zinazopigana, bali hatua mbili za mchakato mmoja. Connery alikuwa uthubutu kabla ya kuwa kipimo. Tanzia ya 1969 ilikuwa kosa kabla ya kuwa urithi. Yamebainishwa pia maumbo matatu ya usalama: kukuza vipimo, kufuata upepo, na kukiri kosa bila kuliacha. Kila moja lilileta faida ya muda, na kila moja lilifikia mahali ambapo wenye kazi walilazimika kurudi kuchota katika filamu waliyokuwa wameikana.

Funzo kwa uhakiki ni kwamba hukumu ya kwanza ya hadhira isichukuliwe kuwa hukumu ya mwisho. Msururu unaofuta makosa yake yote unaweza kuwa unafuta mbegu zake. Kilichouwezesha msururu huu kurudi kwenye mwaka 1969 tena na tena ni kumbukumbu, na kumbukumbu hiyo ilikuwa na wenyewe: watu waliokuwapo, na watoto wao waliokulia ndani ya kazi hiyo. Mwaka 2022 Amazon iliinunua MGM, na mwezi Februari 2025 Barbara Broccoli na Michael G. Wilson waliikabidhi kampuni hiyo mamlaka ya kisanaa. Mwezi Juni mwaka huo Denis Villeneuve, mwongozaji kutoka Kanada, alitangazwa kuiongoza filamu ijayo. Wamiliki wapya wamenunua kaida yote, kuanzia nambari hadi wimbo. Kumbukumbu ya gharama iliyolipwa ili kaida hiyo ipatikane haiandikwi katika hati ya mauzo, na wasipoitafuta katika filamu zenyewe, hasa zile zilizoadhibiwa, watabaki na ghala lenye nafaka ya kula lisilo na mbegu ya kupanda.